Vita vya Pua ya Chifu Ekhator

Sogeeni, enyi mliokalia vigoda nanyi mlioegemea kuta! Zimeni majenereta, na mama muuza akara, zile bajia za kunde, aepue karai lake, maana naleta habari ya vita vilivyopiganwa papa hapa mjini Benin, katika mtaa wetu wa wasubu shaba, na vita hivyo vilikuwa vya pua.

Alikuwako Ekhator, Simba wa Mikutano, Mkata Utepe asiyeshindika, ambaye kabla ya kutawazwa uchifu aliagiza sanamu yake ya shaba kwa Igbinovia, Bwana wa Moto, msubu mwana wa msubu. Alitoa amri moja tu: pua iwe nyembamba. Igbinovia akakuna kichwa, akafinyanga umbo la nta, na usoni akapachika pua iliyochongoka ambayo haijapata kuonekana katika ukoo ule tangu dunia kuumbwa. Kisha akachomeka vijiti vya nta huku na huku, ili vikiyeyuka viiachie hewa njia ya kutokea. Kimoja kilisimama kwenye ncha ya pua.

Chifu akaja kujitazama.

"We Igbinovia! Kijiti gani hiki puani? Mimi fahali wa kuswagwa?"

"Baba, hapo ndipo hewa itatokea. Tena usiguse, kokwa ya kola imeshavunjwa mbele ya Oguni, mungu wa chuma. Sasa ni mkono wangu tu unaoruhusiwa."

"Hewa itafute mlango mwingine!"

Fundi alipogeuka kukanda udongo, Simba alinyoosha vidole viwili, akaking'oa kijiti, akapalainisha mahali pake kwa mate, akakisokomeza kwenye upindo wa shuka lake jeupe. Hakuna ngome iliyowahi kutekwa kimyakimya namna ile.

Basi nta ikavikwa udongo, ikayeyushwa ikatoka, na shaba iliyonguruma tanurini ikamiminwa mahali pake. Udongo ulipovunjwa, ole wetu! Mabega yalitoka, mashavu yalitoka, shanga za marijani zilitoka hata matundu yake. Penye pua palikuwa na shimo.

"Umeniua!" Chifu alinguruma. "Jumamosi natawazwa, mji mzima unakuja! Wallahi, hapa Benin hutaagizwa tena hata kengele ya mbuzi!"

Igbinovia akainama kuokota vipande vya udongo. Alilifikiria jina la marehemu baba yake.

Hapo akaingia Iziengbe, mke mkubwa, Mtikisa Nyumba, na shuka jeupe begani.

"Samahani, mume wangu. Hii nta nimeichemsha, nimeipiga sabuni, haitoki. Ulikwenda kwa wasubu kurina asali?"

Chifu akatazama vidole vyake vya miguu.

"Kile kijiti kilinitia aibu," akasema polepole.

"Hewa ilikosa pa kutokea, Baba, shaba ikakosa pa kuingia," Igbinovia akamjibu, akiinuka. "Naweza kuisubu pua peke yake juu ya hiyo hiyo shaba. Ila ukae hapa nikutazame."

"Sawa. Lakini iwe nyembamba."

"Iwe ile niliyoolewa nayo," akasema Iziengbe, "la sivyo Jumamosi utatawazwa jirani akiwa kando yako, si mimi."

Simba akakaa, mikono magotini kama mwali. Pua ya nta ikafinyangwa upya, pana, ya kwao, na kijiti kikachomekwa. Safari hii Chifu mwenyewe alikilinda kwa usinga, akimfokea kila aliyepita karibu, nzi wakiwemo.

Jumamosi nguo iliyoifunika sanamu ilipovuliwa, shangazi yake kipofu, Amenaghawon, aliongozwa hadi kwenye sanamu. Akapapasa kidevu: "Nani huyu?" Akapapasa marijani: "Tajiri fulani." Alipofika puani mkono ukasimama.

"Kaka yangu," akasema. "Nani kakurudisha?"

Chifu, aliyefanana na marehemu baba yake kwa pua tu, alilia mbele ya wageni wote bila kujifuta.

Andikeni, enyi waweka tarehe, na asiye na kalamu aweke moyoni: kwa shaba isiyojaa kikombe cha chai, Igbinovia aliirudishia nyumba ya Ekhator pua yake.