Seva Ikizima, Nimfokee Nani?

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Seva ya kiwanda inakata roho. Mfumo endeshi wake umezeeka, haupati masasisho tena, na leo asubuhi oda ya magodoro ya watoto imetoka na vipimo vya vitanda vya hoteli. Mkurugenzi ametuita ofisini, mimi na Tai Fupi. (Tai Fupi ni mwenzangu wa kitengo cha kompyuta. Tai yake inaishia juu ya kitovu. Anadhani hatuoni.) Akasema kila mmoja wetu achague mfumo endeshi huria, yaani wa bure, kwa ajili ya seva mpya, aulinganishe na mingine, kisha aje kuutetea. Atakayemridhisha ndiye atakayekuwa Mkuu wa Mitambo.

Chumba cha peke yangu! Kiti kinachozunguka!

Cheo hiki lazima nikipate, maana Mama Mkwe nilishamwambia tangu mwaka jana kwamba ninacho. Mke wangu anajua kuwa sina. Amesema mama yake akija wiki ijayo akute nimekuwa Mkuu wa Mitambo, la sivyo atamweleza ukweli mwenyewe. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akacheka kicheko ambacho sikukipenda hata kidogo.

Jumanne, 4 Machi

Nimelinganisha hadi macho yakaniwasha.

FreeBSD: imara, safi, naipenda. Lakini kikaragosi chake ni kishetani chekundu chenye pembe na uma mkononi. Nilikichapisha kwa rangi, kwa ukubwa. Mama wa stoo akafuata karatasi zake kwenye printa, akakutana nacho uso kwa uso. Amekataa kuingia chumba chetu mpaka pafanyiwe maombi. FreeBSD imetoka mashindanoni.

Ubuntu: rahisi, toleo lake la muda mrefu linahudumiwa miaka na miaka. Tatizo, mpwa wake Mkurugenzi anaitumia nyumbani. Mkurugenzi hataki kumsikia mpwa wake. Imetoka.

Debian: imetulia. Haina papara. Toleo jipya haliletwi mpaka liive. Inatengenezwa na watu wa kujitolea dunia nzima, wala haina tajiri. Hii ndiyo yangu!

Tai Fupi amechagua Rocky. Ni mfumo mzuri, nakiri, umetengenezwa ufanane na mfumo mmoja mkubwa wa kulipia na makampuni yanauamini. Kwenye safu ya kasoro nimeandika kwamba watetezi wake hawajui kuvaa. Nikafuta. Nikairudisha.

Jumatano, 5 Machi

Balaa.

Ulinganisho wangu una kurasa arobaini na majedwali ya rangi. Mkurugenzi akaupokea kwa mikono miwili, akaupima uzito, akaanza kujipepea nao. Kisha akauliza swali moja tu. Seva ikizima, yeye amfokee nani?

Sikuwa nimeliandikia jedwali.

Tai Fupi, mnafiki, alikuwa amejiandaa. Akasema kuna kampuni ya msaada mjini, yenye mkataba na namba ya simu. Mkurugenzi akapiga hapohapo, akafoka kwa majaribio. Sauti laini ya dada mmoja ikamshukuru kwa kupiga. Akafoka zaidi. Dada akasema anaelewa hisia zake. Akafoka mpaka miwani ikamdondoka. Dada akamtakia siku njema. Mkurugenzi akakata simu, amenyong'onyea kabisa. Akasema hiyo ni sawa na kupiga ngumi godoro, na magodoro anayo ya kutosha.

Zamu yangu. Nikaeleza kwamba Debian haina mwenyewe. Akashtuka. Akasema hataki kitu kisicho na mwenyewe, kwani amekuwa mwokota makopo? Nikaona cheo kinafungua mlango na kuondoka. Mdomo ukanitangulia! Nikasema mwenyewe yupo. Anaitwa Msimamizi wa Kanda. Mtu mgumu, mkavu, haonekani hovyo, na anafokewa kwa miadi tu.

Macho ya Mkurugenzi yakang'aa! Anataka namba kesho asubuhi.

Sasa nitamtoa wapi?

Alhamisi, 6 Machi

Nimempata. Alikuwa amelala kwenye kochi langu.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, ni mwamuzi wa mpira wa ligi za mitaani. Ligi imesimama kwa sababu uwanja umegeuzwa maegesho, naye amehamia sebuleni kwetu na chaneli yake moja. Kompyuta hajui kuiwasha. Lakini kufokewa! Mtu huyu ametukanwa na viwanja vizima. Amerushiwa maganda, chupa, na safari moja kiti chenye mtu. Hapepesi jicho. Nilimwahidi rimoti ya televisheni kwa mwezi mzima, tukapeana mikono.

Saa nne Mkurugenzi akapiga. Akafoka kuhusu seva. Akahamia kwenye lori lililoharibika. Akamfokea kuhusu mkwe wake, halafu kuhusu magoti yake mwenyewe. Shemeji akamwacha amalize, kisha akamjibu kwamba amemwona, amemsikia, na uamuzi unabaki palepale.

Mkurugenzi akatoka ofisini kama mtu aliyetoka kuoga. Akanipiga bega! Akasema hiyo Debian ina watu.

Ijumaa, 7 Machi

Mkurugenzi sasa anampigia Shemeji hata kabla ya chai. Kiwandani amani imeshuka. Mafundi cherehani wanaimba. Mhasibu, ambaye ndiye aliyekuwa akifokewa miaka yote hii, amenikumbatia kwenye korido na kukaa hapo muda mrefu kuliko inavyostahili.

Tai Fupi amekonda. Nimemsikia akiibembeleza ile kampuni yake ya msaada wajaribu kuwa na kiburi kidogo tu, angalau siku za kazi. Wakamshukuru kwa maoni yake.

Kimebaki kitu kimoja. Mkurugenzi amesema kwa ajili ya haki, Jumatatu kompyuta mbili za majaribio ziwekwe bega kwa bega, Debian yangu na Rocky yake, zihudumie oda za mfano. Ikizima moja, shauri lake.

Ikizima moja. Hmm.

Jumatatu, 10 Machi

Siandiki kwa raha. Naandika nikiwa nyuma ya magodoro.

Mpango ulikuwa safi. Wakati wa chakula Tai Fupi akitoka, mimi niingie kwenye Rocky yake kutoka mezani kwangu na kuizima. Nywila yake naijua, ni jina lake na moja mbili tatu. (Yangu pia ni jina langu na moja mbili tatu, lakini mimi nimeanza na herufi kubwa.) Nikafungua dirisha jeusi la kuandikia amri. Tatizo, nilishafungua mengine mawili tangu asubuhi. Yote meusi. Yote yananikonyeza. Nikaandika amri ya kuzima, nikabonyeza kwa mbwembwe, nikaegemea kiti.

Rocky ikaendelea kufanya kazi kama haijui kitu.

Dirisha nililoandikia halikuwa lake. Kilichozima ni ile seva kuukuu. Ya kiwanda. Ya oda za kweli! Nikakimbia kuiwasha. Ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

Malori yamesimama getini hayajui yaende wapi. Afadhali hayo malori kuliko ndani. Mashine za kushona hupokea kutoka kwenye seva hesabu ya magodoro ya kila oda. Zilipokosa hesabu mpya zikaendelea na oda ya mwisho, na fundi aliyejua kuzisimamisha alikuwa kwenye chakula na ufunguo wake. Magodoro yakatoka. Yakaja. Yakajaza ukumbi, yakapanda ngazi, yakaziba mlango wa Mhasibu naye akiwa ndani. Tulimsikia akiita kwa mbali, kwa sauti laini, kama mtu aliye ndani ya mkate.

Nikampigia Shemeji, nikamweleza ukweli wote, nikamsihi abebe lawama. Akasema sawa.

Mkurugenzi akapanda juu ya rundo la magodoro na simu mkononi. Seva iliyokufa haikuhusiana na Debian kwa lolote lile. Hakujali! Alimfokea Shemeji huku akiyumba kila aliponyanyua mguu. Akamtukania ukoo. Mara simu ikanguruma, na sisi sote tukasikia. Shemeji akamwambia hiyo ni kadi ya njano, na neno moja zaidi anamtoa nje.

Hata Mhasibu aliacha kuita.

Mkurugenzi akashuka taratibu. Akasema kwa upole kwamba tangu mama yake afariki hakuna mtu aliyemwekea mpaka namna hiyo. Anataka kumwona mtu huyo ana kwa ana. Kesho.

Tai Fupi alikuwa na nakala rudufu ya kila kitu, na jioni oda zikarudi. Hakuna aliyemshukuru. Nilimhurumia kidogo, ikapita.

Jumanne, 11 Machi

Nimemvisha Shemeji suti yangu. Nikamwonya asizungumzie kompyuta wala kugusa chochote chenye waya. Amwitikie mzee, afokewe, aondoke. Halafu mimi nikabidhiwe cheo. Rahisi!

Mkurugenzi akafoka vizuri sana, tena kwa ishara. Shemeji alisimama mikono nyuma. Baadaye akatazama saa yake, akamjulisha kwamba amebakiza dakika mbili za nyongeza. Mzee akazitumia zote. Filimbi ikalia! (Sikujua kama ameibeba.) Mkurugenzi akaketi, akafuta jasho, akatangaza kwamba hawezi kumwacha mtu kama huyu abaki Debian. Anamchukua yeye. Kuanzia leo ndiye Mkuu wa Mitambo.

Nilidhani masikio yangu yana nta. Nikamkodolea Shemeji macho. Akanitazama, akaitazama suti, akasema amekubali.

Cheo changu! Kwenye suti yangu!

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchagua mfumo wa seva mpya. Alituita mimi na Tai Fupi chumba cha seva, akatutaka tupeane mikono kama manahodha, akarusha sarafu. Ikaangukia Debian. Kurasa arobaini, jamani! Nikaruka, nikashangilia, nikamzunguka Tai Fupi mara mbili. Shemeji akasubiri nimalize. Akasema Debian itaendeshwa na Tai Fupi, kwa kuwa ndiye mwenye nakala rudufu, na mchezaji aliyemvizia mwenzake wakati mpira haupo atabeba nyaya mpaka atakapoambiwa vinginevyo.

Debian imeshinda. Mimi nimeshindwa. Nimechunguza jedwali langu lote, halina safu ya jambo kama hili.

Jumatano, 12 Machi

Mama Mkwe amefika. Mke wangu akamweleza mlangoni kwamba Mkuu wa Mitambo yumo ndani. Mama Mkwe akaingia mikono wazi, machozi yanamtoka. Nami nikafungua yangu! Akanipita kama nguzo ya umeme, akamwangukia mwanawe kwenye kochi.

Amewaambia majirani kwamba siku zote alijua nyumba hii ina Mkuu wa Mitambo, ila alikuwa ameelekezwa mtu siye. Mke wangu amesema nimshukuru Mungu, kwani hakuna aliyelazimika kusema uongo. Nilikula nimesimama, maana kiti changu alikikalia Shemeji. Iliniuma. Iliniuma sana, na sioni kwa nini nisiiandike.

Ijumaa, 14 Machi

Lakini nani kasema nimekwisha?

Mkurugenzi ana shida mpya. Shemeji yuko ndani ya jengo sasa, na kila mzee akipandisha sauti anaonyeshwa kadi. Leo asubuhi alipewa nyekundu, akakaa nje ya ofisi yake mwenyewe mpaka chakula. Amejaa mpaka shingoni. Mafundi cherehani wameacha kuimba. Mhasibu amerudia kutembea akigusa ukuta.

Nilimkuta Mkurugenzi kwenye ngazi akipumua kwa nguvu puani. Nikamnong'oneza kwamba huko Debian, juu ya Msimamizi wa Kanda, yupo mwingine. Profesa. Mtu wa heshima, hana filimbi, hana kadi, anafokewa bila miadi. Namba yake ninayo.

Karibu anibusu.

Nimenunua laini mpya.

Jumatatu, 17 Machi

Ushindi!

Nilipokea simu nikiwa stoo ya sponji, ambako hata ukipiga kelele hausikiki. Nikabana pua, nikaongea kizee. Mkurugenzi akafoka kama mvua ya kwanza. Nikamwitikia kwa adabu, nikaguna panapostahili, nikamwacha aseme. Nina kipaji! Shemeji hanifikii kwa lolote.

Aliponipenda kabisa akanifungulia moyo. Akasema hapo kiwandani kuna mtu mmoja wa kubeba nyaya, mwenye maneno mengi, kila lililoharibika ukilifuatilia unamkuta yeye yuko karibu. Ananiuliza mimi Profesa, kwa uzoefu wangu, mtu kama huyo afanywe nini.

Nilitaka kumtetea. Lakini Profesa si mtu wa kuyumba, na mzee alikuwa amefurahi sana, ningemvunja moyo. Nikakohoa. Nikamwambia mtu kama huyo afukuzwe, tena leo, tena bila barua ya sifa.

Mkurugenzi akashusha pumzi. Akasema hajawahi kupata ushauri ulionyooka namna hii. Barua ilikuwa mezani kwangu kabla sijarudi kutoka stoo.

Wengine wangekata tamaa. Mimi hapana! Nafasi ya kitengo cha kompyuta sasa iko wazi, na Mkurugenzi amemwomba Profesa ampendekezee mtu mwaminifu wa kuijaza. Nimemwambia anipe mpaka kesho. Namjua mmoja anayefaa kabisa.