Anatafutwa Mtu wa Kunipiga

Jumatatu, 3 Juni

Msiba! Fundi viatu amehama mji bila kuniaga. Si kwamba tulikuwa marafiki. Alikuwa mwenzangu wa mazoezi, mtu pekee darasani niliyemmudu. Miezi minane tumegonganisha fimbo za henzirani kwenye ukumbi ulio juu ya duka la magodoro, na kila nilipoinua mkono yeye alikuwa ameshaomba radhi. Nitampata wapi mwingine kama yule?

Mwalimu hana huruma. Zamani alikuwa mpishi wa meli, na mapigano haya ya Kifilipino alifundishwa na baharia mwenzake. Kasema mtihani ni Jumamosi, wawili wawili. Asiye na mwenzi akae ukutani atazame. Nimeshaanguka mara mbili. Nikianguka ya tatu narudi darasa la wanaoanza, nikafundishwe upya kushika fimbo.

Lingekuwa jambo dogo. Shida ni kwamba kazini, kwa wasoma mita za maji wenzangu, nilishatangaza kuwa mimi ndiye msaidizi wa Mwalimu. Jumamosi wanakuja kunitazama. Wote. Msimamizi kasema atakuja na mkewe.

Jumanne, 4 Juni

Mpango: kusajili mwenzi huku nikichapa kazi. Hakuna geti nisilofunguliwa. Nasoma mita, naandika, halafu namkagua mwenye nyumba mikono.

Nyumba ya kwanza, mwalimu mstaafu wa hesabu. Aliuliza kama ni lazima kisheria. Nyumba ya nne, bibi mmoja alisema fimbo anayo yake, akaenda kuichukua ndani. Sikumsubiri. Nyumba ya saba, jamaa mwenye mabega kama kabati. Alikubali papo hapo! Tukajaribu uani. Alipiga pigo moja tu. Sikuliona. Lilipita juu ya sikio langu, likatua kwenye mita, maji yakaruka hadi dirishani.

Kwenye ripoti nimeandika: mita imechakaa.

Mke wangu kauliza kwa nini nisiende kwa mtu wa darasani nikamwomba tu, kama binadamu wengine. Nimemwambia haya ni mambo ya vita, hayaendi kwa maombi.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi. Nilikaa ukutani.

Mbele yangu Kinyozi na Muuguzi. Walianza siku moja na mimi, hao! Kinyozi kiganja chake kinazunguka kama bawaba iliyopakwa mafuta. Muuguzi ni mdogo wa umbo, mkimya, na anapopatazama ndipo anapopapiga. Mapigo yote kumi na mawili, bila kukosea, mvua juu ya bati. Wivu ukanikaba. Mmoja ana mwenzi mzuri hivyo, mwingine ana ukuta?

Walipopumzika nilimfuata Muuguzi bombani. Nikavaa sura ya huzuni. Nikamwambia mimi si mtu wa maneno, anajua mwenyewe, lakini Kinyozi kasema mbele ya wateja wake kuwa kupigwa naye ni kama kupigwa na taulo.

Aliacha kunywa maji.

“Taulo?”

“Bichi,” nikasema.

Alifunga bomba. Halafu akauliza kama nina mwenzi wa Jumamosi.

Ushindi! Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Alhamisi, 6 Juni

Mazoezi na Muuguzi, sisi wawili tu, ukumbini, mchana baada ya zamu yake.

Sikulifikiria jambo moja. Mwanamke yule ana hasira, na mwenye kustahili hasira hiyo hakuwepo. Nilikuwepo mimi. Bega. Kiwiko. Kiwiko kilekile. Paja. Kwa kila pigo alinong’ona: taulo. Kidole changu kidogo kilipovimba alifungua mkoba wake, akanifunga bendeji kwa upole wa ajabu, akaniuliza kama inabana. Kisha akasema tuendelee.

Tulipokuwa tunakunja mikeka akasema kesho yuko zamu kutwa, ila Jumamosi kabla ya mtihani atamuuliza Kinyozi ana kwa ana.

Nikakunja mkeka uleule mara ya pili. Nikamshauri asamehe tu, maisha ni mafupi.

“Nitamsamehe,” akasema. “Nikishamuuliza.”

Ijumaa, 7 Juni

Mke wangu kasema siwezi kusimama mbele ya mke wa msimamizi na kichwa kama brashi ya kusugulia sufuria. Nikanyolewe wapi? Kila Ijumaa ya pili nanyolewa kwa Kinyozi, miaka sita sasa. Nisipokwenda atashtuka. Nikajikaza kisabuni, nikaenda.

Hakukuwa na mteja mwingine. Kichwa kilikwenda salama. Akalaza kiti, akanipaka povu, wembe ukafika kooni. Ndipo akaanza kuongea.

Kasema Muuguzi hapokei simu tangu jana. Ametuma ujumbe mmoja tu: tafuta taulo jingine. Akaniuliza kama najua maana yake.

Nilitaka kumeza mate. Sikuthubutu. Nilitikisa kidole cha mguu, kuashiria hapana.

“Mbona unatokwa jasho hivyo?”

Nikasema joto. Nje mvua ilikuwa inanyesha.

Aliusimamisha mkono. Wembe hapo hapo, ubaridi wake nausikia mpaka utosini. Akasema taratibu kuwa kuna mtu amepenyeza maneno kati yao, na kesho atamjua. Akamalizia upande wa kushoto. Kisha akanifuta shingo vizuri, huku na huku. Kwa taulo. Bichi.

Nimekuja nyumbani kwa miguu, mvuani, bila kugundua kuwa nalowa.

Jumamosi, 8 Juni

Nilifikiria kuugua. Mke wangu akanigusa paji la uso, akanipa fimbo yangu, akafuatana nami.

Wenzangu sita, msimamizi, mkewe, wote wamejaa ngazini na mlangoni. Muuguzi aliingia, akavua viatu, akaenda moja kwa moja kwa Kinyozi. Sikusikia walichosema. Niliona tu vichwa viwili vikigeuka kunitazama kwa pamoja.

Muuguzi akamnong’oneza Mwalimu. Mwalimu akasema basi, Kinyozi atasimama na mimi.

Nikatafuta pa kutokea. Ngazi ilikuwa imezibwa na ofisi nzima.

Kinyozi aliinamisha kichwa kwa heshima. Pigo la kwanza lilikuja kwenye kipaji, nikajua nimekwisha. Likasimama. Upana wa kidole tu. Nilisikia upepo wake kwenye nyusi. La pili, upande wa pili, vivyo hivyo. Anahesabu kwa sauti. La tano, fimbo ikaniponyoka. Akaiokota, akanikabidhi kwa mikono miwili, akangoja niishike sawasawa. Sita. Saba. Mimi nimesimama kama mlingoti. La kumi na mbili lilinigusa pua. Kiasi cha inzi kutua.

Akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, nikamsikia mimi peke yangu:

“Ungetuambia tu, ndugu yangu. Tungefanya watatu, kwa zamu.”

Macho yakanichoma. Jasho, nadhani.

Mwalimu akanifelisha kwa sababu katika mapigo yote sikujibu hata moja. Msimamizi akauliza kama hii ndiyo kazi ya msaidizi. Mke wangu akajibu toka nyuma kuwa ndiyo, kila darasa linahitaji wa kuonyesha jinsi isivyofanywa. Mke wa msimamizi alicheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, 9 Juni

Nimetafakari tangu chai ya asubuhi, na sasa kosa langu nalijua.

Kinyozi na Muuguzi wametuma ujumbe: Jumatano, watatu, kwa zamu, njoo na bendeji. Ukarimu wa aina hii unatisha. Lazima wana njama. Sitajibu.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kwa sababu nilichagua watu wanaozungumza! Basi. Huko kwa wanaoanza kuna mchomelea vyuma na shemeji yake muuza miwani. Waligombania ukuta wa uani, hawajapeana salamu tangu mwaka jana, na mmoja akiingia ukumbini mwingine anageukia dirisha. Hata iweje, hawataulizana.

Jioni nampitia mchomelea vyuma. Nitamweleza, kwa masikitiko makubwa, aliyoyasema shemeji yake.

Nimesimama mbele ya kioo nusu saa nikiiweka sawa ile sura ya huzuni. Mke wangu kapita, kauliza kama jino linauma. Nimemwambia asinisumbue, niko mazoezini.