Makala Kumi na Moja kwa Mkono Mmoja

Jumatatu, 5 Mei

Siku ya siku! Mwalimu Mkuu, yaani Mama Mkuu wetu, ametangaza kwenye kikao kwamba nafasi ya msaidizi wake iko wazi. Papo hapo akaongeza kwamba shule itaanza kutoa jarida la wazazi. Toleo la kwanza litoke kabla ya mkutano wa wazazi, Jumatatu ijayo. Kila mwalimu aandike walau nusu ukurasa. Anatafutwa mhariri. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Nikanyoosha na wa pili, kwa usalama.

Walimu ni kumi na mmoja, ukiniondoa mimi wa Jiografia. Atakayewafanya hawa waandike ndiye kiongozi. Mama Mkuu hakusema hivyo, ila alinitazama. Au alitazama saa iliyo juu ya kichwa changu. Mpinzani wangu ni Mwalimu wa Hesabu, tunayemwita Desimali kwa kuwa hasamehi hata nukta. Hakunyoosha kitu. Alikuwa anasahihisha madaftari. Mimi nimeshaanza mbio, yeye hata kibwebwe hajafunga!

Nimebandika tangazo ubaoni. Aya tatu. Neno "adhimu" limetokea mara nne.

Jumanne, 6 Mei

Tangazo langu limefunikwa na zamu za kuosha vikombe. Mwandiko wa karani wa shule. Hujuma!

Nikaweka sanduku la makala kwenye meza ya chai, lenye tundu na maandishi mekundu. Jioni nikalifungua. Ndani mlikuwa na kifuniko cha kalamu, karatasi ya pipi, na barua isiyo na jina ikilalamika kwamba sanduku limekaa mahali pa sukari.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Yeye ni fundi cherehani na hajawahi kuhariri chochote zaidi ya pindo. Alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, niwaulize tu, mmoja mmoja, wanisimulie kisa kimoja cha darasani, kisha niandike wanavyosema. Maskini mke wangu. Mambo ya uhariri hayajui. Nikamwambia watu wazima hawaulizwi, wanachochewa.

Akasema, "Haya, bwana mchochezi. Kula kabla hakijapoa."

Jumatano, 7 Mei

Mkakati wa leo: wivu. Nilimnong'oneza Desimali kwamba Mwalimu wa Sayansi ameshanipa kurasa mbili. Nikamnong'oneza Mwalimu wa Sayansi kwamba Desimali ameshanipa nne, zenye michoro. Nikakaa mkao wa kula.

Saa nne wakakutana kwenye chupa ya chai. Desimali akampongeza mwenzake kwa kurasa mbili. Yule mama akampongeza Desimali kwa kurasa nne. Vijiko vikaacha kuzunguka. Wote wawili wakageuka kunitazama. Nikakumbuka kwamba tufe la dunia lina vumbi, hasa upande wa bahari, nikaondoka kulifuta.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuwa na tarehe ya kwenda mitamboni.

Mtu mmoja tu ameleta kitu. Mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye sote, hadi Mama Mkuu, tunamwita Shangazi. Anasimulia kwamba kuna mtoto hajatamka neno darasani tangu muhula uanze. Juzi akamvuta gauni, akasema, "Shangazi, viatu vyako havifanani." Akatazama chini. Kweli, kimoja cheusi, kimoja cha kahawia. Basi. Imeisha. Mistari saba! Nikamweleza kwa upole kwamba haina utangulizi, kiini wala hitimisho.

"Haya baba, wewe ndiye msomi," akasema, akarudi kwa watoto wake.

Karatasi yake nimeikunja mara nne. Imeenea vizuri chini ya mguu wa meza inayoyumba.

Alhamisi, 8 Mei

Kesho ndiyo kesho. Makala niliyo nayo: sifuri. Nikajifungia stoo ya vitabu, nikaziandika zote kumi na moja mwenyewe, kila moja kwa jina la mwalimu wake. Huu si uongo. Ni kuwasaidia kusema wasichojua kwamba wanataka kusema.

Desimali nimempa moyo, maana hana. Makala yake inaitwa "Nami Nilipata Sifuri". Anaeleza jinsi alivyofeli Hesabu mara tatu utotoni, akalia chini ya kitanda, hadi bibi yake alipomfundisha kuhesabu kwa maharage. Anamalizia: "Mzazi mwenzangu, mlango wangu uko wazi. Njoo wakati wowote." Machozi yalinitoka. Nina kipaji.

Mwalimu wa Sayansi: "Miaka Ishirini ya Mapenzi Yangu kwa Vyura". Moto!

Ijumaa, 9 Mei

Limetoka! Karani amechapa nakala mia tatu, akiguna kila ukurasa. Saa ya kwenda nyumbani zikaingizwa kwenye mikoba ya watoto. Walimu hawakupata nakala. Nimewaambia zimekwisha. Mama Mkuu nimempa ya kwake ndani ya bahasha iliyopakwa gundi nyingi.

Mke wangu amelisoma jarida lote. Aliuliza swali moja tu: kwa nini walimu wote wa shule ile wanapenda neno "adhimu"?

Jumatatu, 12 Mei

Niandike kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi, foleni mlangoni kwa Desimali. Wazazi arobaini, kama zahanati. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo. Baba mmoja, dereva wa lori, mwenye kifua kama kabati, akamkumbatia hadi miwani ikapinda. "Kumbe na wewe mwenzetu, mwalimu! Mimi nilidhani ulizaliwa na rula mkononi!" Bibi mmoja akampa mfuko wa maharage. Desimali, ambaye maishani hajawahi kushuka chini ya tisini na nane, aliushika ule mfuko kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani.

Mkutano ukaanza ukumbini. Mama Mkuu alipofika kwenye nidhamu, fundi bomba, baba wa pacha wa darasa la nne, akasimama na ndoo iliyofunikwa kitambaa. Akasema familia yake imeguswa na makala, na kwa hiyo wanamzawadia Mwalimu wa Sayansi vyura kumi na wanane, wameokotwa kwa mapenzi. Akafunua.

Sikujua kwamba Mwalimu wa Sayansi anaogopa vyura. Miaka ishirini amefundisha somo lile kwa picha tu, tena akiwa amesimama mbali. Alipanda kiti. Kutoka kiti, meza. Kutoka meza, Mama Mkuu. Ndoo ikapinduka. Wazazi mia mbili wakainua miguu kwa pamoja, jambo ambalo mwalimu wa michezo hajawahi kulifanikisha.

Vyura kumi na saba wamepatikana.

Jumanne, 13 Mei

Nimeitwa ofisini. Mama Mkuu aliuliza jarida lina makala ngapi. Nikasema kumi na moja. Akauliza waandishi ni wangapi. Nikafikiri. Nikasema inategemea unavyohesabu. Akasema, "Hesabu." Nikasema mmoja.

Akauliza kwa nini sikuwaomba tu. Nikamjibu kwamba njia ya kuomba nilikuwa nimeiweka akiba, mambo yakiwa mabaya. Aliweka kichwa mikononi. Kisha akasema jarida halipo tena mikononi mwangu. Amepewa karani. Karani!

Nilipotoka, Desimali alikuwa ananisubiri kwenye korido. Nikajiandaa kupigwa. Hakunipiga. Alisema jana wazazi walipotawanyika, alibaki binti mmoja wa darasa la sita, yule anayekaa nyuma kabisa na kuficha daftari kwa mkono. Akamwambia, "Mwalimu, hata mimi napata sifuri. Kumbe inapona." Na Desimali, mtu asiyesamehe nukta, akashindwa kumwambia kwamba ile habari ni ya uongo. Wakakaa chini. Wakamwaga maharage mezani. Wakahesabu hadi kengele ya mwisho.

"Sijakusamehe," akaniambia. "Ila sijui nimwambie nini yule mtoto."

Nilitaka kusema pole. Ila nilikuwa na haya, na haya sikuizoea. Badala yake nikamuuliza kama angependa kuliandika jambo hilo, walau nusu ukurasa. Akageuka, akaenda zake.

Jumatano, 14 Mei

Saa ya chai karani alikaa na daftari lake, akamimina vikombe, akawauliza: wiki hii mtoto gani amewachekesha? Hivyo tu! Bila tangazo, bila sanduku. Mwalimu wa Sayansi akasimulia jinsi pacha walivyomfariji baada ya vyura. Desimali akasimulia maharage, na akataka iandikwe wazi kwamba yeye hakuwahi kupata sifuri, ila siku ile alitamani angekuwa amepata. Wakakatana maneno. Wakacheka. Kabla ya kengele, karani alikuwa na visa kumi. Cha kumi na moja alikichomoa chini ya mguu wa meza, akakinyoosha kwa kiganja, akasema hiki kitakaa ukurasa wa kwanza.

Mwanamke yule ni hatari. Ana mbinu ambayo bado sijaielewa.

Ijumaa, 16 Mei

Jarida jipya limetoka na wazazi wanaligombania. Naambiwa mama mmoja amekibandika kisa cha Shangazi jikoni kwake. Msaidizi wa Mama Mkuu ametangazwa: Shangazi. Kila mtu akapiga makofi. Nami nikapiga, kwa sauti, ili ionekane.

Nikitafakari kwa utulivu, ushindi huu ni wangu. Nani aliwapasha moto? Chuma hufuliwa kikiwa cha moto, na mimi ndiye niliyewasha tanuri. Karani amefika tu na nyundo.

Mama Mkuu naye ameliona hilo, maana leo amenikabidhi jukumu jipya. Siku ya michezo inakaribia na wazazi wanataka kuona walimu wakishindana. Kazi yangu, alisema polepole, akirudia mara mbili, ni kuzungusha karatasi ili kila mwalimu ajiandikishe mchezo anaoutaka. Kuzungusha karatasi. Basi.

Karatasi imejaa kabla ya saa sita. Majina kumi na moja, miandiko kumi na moja. Mkono wa kushoto umenisaidia sana. Desimali nimemweka kwenye kuvuta kamba, upande wa wazazi wa kiume. Mwalimu wa Sayansi atakimbia ndani ya gunia. Shangazi ana miaka hamsini na minane, lakini cheo kipya kinahitaji mfano mzuri, kwa hiyo nimempa kuruka juu.

Hawajui bado. Watafurahi!