Pilipili Niliyoapa Haiwashi

Jamani, leo nimeaibika mezani kwangu mwenyewe. Naandika midomo ikiwa imevimba, mnivumilie.

Mama mkwe amekuja kutoka Ziba kutibiwa vidonda vya tumbo. Daktari amemkataza pilipili, na bila pilipili chakula kwake hakishuki. Matonge mawili, anasukuma sahani taratibu. "Nimeshiba, mwanangu." Anakonda, na inauma kumtazama.

Mimi hufundisha baiolojia (likumbukeni hilo). Msimu uliopita nilikuwa na mche wa pilipili mbuzi isiyowasha. Si uchawi. Pilipili hutengeneza ukali wake kwa hatua, kama watu wanaopokezana ndoo kutoka kisimani. Kwenye mche ule jeni moja ilikuwa imebadilika, mpokeaji mmoja akakosekana, ukali haukufika. Mmea wenyewe ulikua vizuri tu, na harufu ilibaki ile ile. Nikatunza mbegu, nikazipanda.

Leo mchana nimechuma pilipili ya kwanza ya miche hiyo, nikaiweka kando ya ugali na mlenda.

"Mama, hii haiwashi. Ni harufu tu."

"Pilipili isiyowasha? Anza wewe."

"Hata nzima naitafuna, mama."

"Mwalimu, maneno mengi. Tafuna."

Nikatafuna. (Nzima. Na mbegu zake.)

Kwanza nilitabasamu. Halafu masikio yakaziba. Machozi, kamasi na kwikwi vikaja kwa pamoja, mbele ya mkwe. Nikanyakua jagi la maji nikanywea humo humo.

"Ni harufu tu hiyo?" akauliza mama.

Hapo ndipo nikakumbuka mizinga ya mume wangu nyuma ya nyumba, na pilipili kali za jirani kwenye uzio. Msimu ule nyuki walileta chavua ya kule kwenye maua ya mche wangu. Miche iliyozaliwa ikarithi kutoka kwa jirani jeni moja isiyoharibika, na moja inatosha kumrudisha yule mpokeaji aliyekosekana. (Somo hili nalifundisha kila mwaka.)

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanivuta karibu kama mtoto, akanilisha asali kwa kijiko. "Nyuki wako wanakuomba radhi," akasema, akaanza kucheka upya. Na katika kucheka huko akawa anamega ugali, tonge baada ya tonge, kwa mlenda mtupu, mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Kwa hiyo chekeni tu. Mama ameshauliza jioni nitatafuna nini, ili naye apate hamu ya kula.