Hotuba ya Uzinduzi wa Mradi wa Vifurushi, Mbele ya Mlango wa Sauna ya Jengo A

Mheshimiwa mimi mwenyewe, Reijo Hyttinen, Mwenyekiti wa Kamati ya Sauna, yaani bafu letu la mvuke wa mawe ya moto, mtu ambaye bila yeye mji mzima wa Tampere ungekuwa unanuka jasho, waheshimiwa wakazi, waheshimiwa mlioshika taulo, nawe Bi Lempi Kurkela, ambaye zamu yako ya Jumamosi imeshaanza, pamoja na dada yako Aili aliyetoka mji wa mbali wa Oulu kwa ajili ya sauna hii na anayerudi kesho kwa treni ya asubuhi, itifaki imezingatiwa.

Kama mjuavyo, jiko letu huwashwa na kompyuta, na kompyuta huendeshwa na Linux, mfumo ambao mimi nilishiriki kuuzaa, kwa maana kwamba niliwahi kupanga foleni ya soseji nyuma ya kijana mmoja aliyekuwa akiufahamu sana. Sasa, kitaalamu, programu ya zamu za sauna inategemea kifurushi fulani cha zamani, yaani kipande cha programu ambacho programu nyingine hukiegemea, na programu ya kusoma mita za maji inakitaka kifurushi hichohicho kikiwa kipya, hivyo ukileta kipya zamu zinaanguka, ukirudisha cha zamani mita zinagoma, na zote mbili zinalalamika kwa maandishi mekundu.

(Bi Lempi: “Reijo, mawe ya jiko ni baridi kama pua ya mbwa. Tunaoga au hatuogi?”)

Swali zuri sana, mama, na litajibiwa kimkakati. (Mzee Taisto, kutoka nyuma: “Mkakati hautoi mvuke, we Reijo!”)

Nilichukua hatua. Niliiamuru mashine ilazimishe kifurushi kipya. Mashine, kwa woga, ikanionya kwamba itafuta vitu vingi vya lazima, na kama nina hakika niandike sentensi nzima: “Ndiyo, fanya ninavyosema.” Waheshimiwa, katika miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kuombwa niseme maneno hayo. Niliandika bila kusoma kilichobaki. Ikatii. Ikafuta programu ya zamu, ikafuta ya mita, ikafuta hata kinacholeta picha kwenye skrini, na tangu hapo migogoro ya vifurushi imepungua kwa asilimia mia moja, rekodi ambayo hakuna jengo lingine lililoifikia. (Mtu mmoja anakohoa.)

(Aili, kwa dada yake: “Huyu ndiye mliyemchagua?” Bi Lempi: “Ni yeye peke yake aliyenyoosha mkono.”)

Kwa hiyo tunazindua Mradi Mkuu wa Ukarabati wa Vifurushi, wenye awamu, wataalamu na dira. Semeni nami: Vifurushi! Utangamano! (Watu wanaanza kuelekea Jengo B, ambako jiko huwashwa kwa kuzungusha kitufe.)

Nawashukuru kwa kuitikia kwa wingi, na kwa kuwa mnaondoka niseme tu kwamba mradi wenyewe haupo, wataalamu sijawatafuta, na kamati ni mimi. Bi Lempi, usiende kuusukuma mlango wa B, umefungwa. Zamu ya saa hii kule imeandikwa kwa jina langu, tangu wiki ile mashine ilipozimika. Haya, ufunguo huu hapa, ingia na dada yako, jiko limeshapata moto. Taulo la buluu lililotundikwa ndani ni langu.