Bibi Arusi na Kilima Cheupe

Jumatatu, 8 Septemba
Mke wa Armel! Nimeliandika jina lake kwenye mvuke wa dirisha, nikafuta, nikaandika tena. Tatizo: dirisha ndilo dunia yangu yote. Kwetu Warundi bibi arusi hatoki nje mpaka afunuliwe shela rasmi mbele ya jamaa, na Shangazi Mélanie, aliyemlea Armel, amesema mila haikushuka kwenye ndege, imefika nasi hapa Toongabbie, Sydney. Kufunuliwa ni Jumamosi. Mama atatazama kwa simu kutoka Makamba, Burundi, alikorudi baada ya ukimbizi. Ameshona kitenge kipya cha kukalia mbele ya simu! Nikionekana nje, Shangazi anaahirisha. Sithubutu.

Jumanne, 9 Septemba
Nimethubutu kuwaza. Armel kanionyesha picha: mbuga ya taifa kusini mwa Sydney, njia ya miguu juu ya bahari, majabali meupe kama chaki. Nikalia! Ni kilima cha kwetu kabisa, pale Bibi alipokuwa akichimba udongo mweupe wa kupaka nyumba, nami nikilamba vidole. Mwaka 2015 tulikimbia machafuko, Bibi akabaki. Sikumwona tena. Armel akasema tungoje Jumamosi ipite. Nikamtazama. Akasema Alhamisi hana shifti. Mume huyu!

Jumatano, 10 Septemba
Ninahazwe wa kwaya ya kanisa kaja kunikagua. Yeye alipoolewa alikaa ndani mwezi mzima, hata pazia hakugusa, ngozi ikawa laini kama ya mtoto. Kasema hivyo mara tatu. Akauliza koti la mvua linafanya nini kitandani na jua lote hili. Nikasema nasikia baridi. Akasema naam, wake wapya husikia baridi waume wakiwa kazini. Mchokozi!

Alhamisi, 11 Septemba
Koti, miwani myeusi, barakoa. Hakuna aliyenitambua! (Hakukuwa na mtu.) Njia nyembamba, mbao zinalia chini ya viatu, vichaka vina maua madogo ya njano, bahari inanguruma chini. Armel alinishika mkono kwenye kila mteremko, hata pasipo mteremko. Halafu weupe ule! Jabali lenyewe limezungushiwa uzio, lakini kando ya njia palikuwa na jiwe dogo, jororo. Nikavua barakoa. Nikalamba. Chumvi! Lakini kwa sekunde moja Bibi alikuwa pale, jembe begani, akinigombeza. Nikalamba tena.

Tukarudi. Mlangoni: Shangazi, na sufuria ya isombe, kisamvu cha kwetu. Nikasema nilikuwa naanika nguo. Akanitazama mdomo. Mweupe mpaka kidevuni. Nikangoja hukumu. Akapiga vigelegele! Eti nakula pemba, ule udongo wa wajawazito, mapema hivi, Mungu ni mkuu! Nikanyamaza. Kunyamaza si kusema uongo.

Ijumaa, 12 Septemba
Kwaya nzima inajua. Mama kalia kwa furaha. Mtoto ataitwa jina la Bibi. Armel anataka tuseme ukweli leo. Nikamwambia tukisema, hakuna Jumamosi, na kitenge cha Mama je? Akanibusu paji la uso, akaenda kununua mchele wa wageni. Nampenda hata akiwa sahihi.

Jumamosi, 13 Septemba
Sebule imejaa. Mimi chini ya shela, simu mbele yangu, Mama ndani yake, amependeza! Shangazi akaweka mkono tumboni mwangu, akaanza kumwombea Bibi mdogo. Kwa jina. Nikashindwa. Nikasema yote kutoka chini ya shela: sina mimba, nilitoka, nililamba jabali.

Ninahazwe akasema jamani, mwenzetu anarudia darasa! Shangazi akaishusha shela mpaka magotini. Wiki mbili nyingine, kuanzia leo, na funguo atashika yeye. Nikamwomba Mama msamaha. Akauliza kitu kimoja tu: lilikuwa jeupe kama la kwetu? Nikasema jeupe, Mama, ila lina chumvi. Akasema Bibi angetia kwenye mboga. Tulicheka na kulia mpaka mtandao ukakatika.

Jumapili, 14 Septemba
Nimetubu kabisa. Wiki mbili si kitu ukiwa na Armel! Amegundua njia nyingine, milima ya magharibi, maporomoko, ukungu mzito asubuhi, mtu haoni hata mkono wake. Alhamisi Shangazi yuko kazini kwenye nyumba ya wazee. Funguo anazo yeye, lakini dirisha la jikoni ni pana.

Safari hii nitabeba kitambaa cha kujifuta mdomo.