Wabeba Barua wa Angani

Jumapili, tarehe 2 Machi

Hukumu imetolewa. Binti yangu amepiga simu mchana na kuitamka kwa sauti ileile niliyokuwa nikiitumia mimi mbele ya wanafunzi waliochelewa. Mjukuu wangu atacheza gemu saa moja tu kwa juma, Jumamosi, saa tisa hadi saa kumi alasiri. Gemu moja. Si mawili. Achague mwenyewe atacheza lipi na babu yupi.

Babu yupi! Hapo ndipo penye kiini.

Tuko wawili. Mimi, baba wa mama yake, mwalimu mstaafu wa jiografia, miaka thelathini na minne ubaoni. Na yule mwingine, baba wa baba yake, daktari mstaafu wa meno. Mtoto ana miaka tisa na anatuita Babu Ramani na Babu Meno. Tangu yeye na wazazi wake wahamie mbali, sote wawili tunampata kwa mtandao tu.

Nieleze, maana shajara isiyoeleza ni kalenda. Kwenye simu mjukuu wangu haongei. Shikamoo babu. Marahaba, hujambo? Sijambo. Shule? Nzuri. Mama? Mzima. Kisha kimya. Nasikia anavyopumua, na mama yake akimnong'oneza aseme kitu. Lakini mwezi uliopita Babu Meno alipata kompyuta mpya, yenye taa za rangi hata pasipo na haja ya taa, akacheza naye gemu la mazimwi, na mtoto akaongea dakika arobaini bila kumeza mate. Akamsimulia rafiki yake mpya. Akamsimulia jino linalolegea. Akamsimulia ndoto.

Jino amwambie yeye, sawa, ndiyo fani yake. Lakini ndoto?

Gemu la mazimwi mtoto ameshalionja. Mimi nimepewa Jumamosi moja, hii ijayo, nilete langu. Kisha atachagua.

Gemu sina. Nina siku sita, pamoja na kompyuta niliyopewa na shule siku ya kuniaga, ambayo ikiwashwa hukohoa.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kwa fundi wa kompyuta. Nilimfundisha kidato cha pili. Nilimpa thelathini na nane katika mtihani wa mito na maziwa, na nadhani anakumbuka, kwa sababu aliiangalia mashine yangu muda mrefu sana.

Hatimaye akasema gemu la leo haliwezi kuingia humo, kama vile tembo haingii kabatini. Nitafute la zamani. Ila niwe mwangalifu. Magemu mengi ya zamani yamekufa. Anaweza kuliwasha mtu nyumbani kwake, lakini uwanja wa kukutania na wenzake haupo tena, umefungwa. Nitafute la zamani ambalo bado lina watu ndani.

Nikaandika. Nikamuuliza kama la zamani litakubali kuingia kwenye kompyuta mpya. Akasema mara nyingi hukataa. Kompyuta mpya hazielewi lugha ya wazee.

Nilitembea kurudi nyumbani polepole, upande wa kivuli, nikitabasamu peke yangu. Gemu la zamani. Kompyuta mpya hulikataa. Babu Meno ana kompyuta mpya. Mwenye akili na ajumlishe.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Majaribio. Nimechora jedwali la safu nne: umri wa gemu, idadi ya watu, adabu za watu, mandhari.

Gemu la kwanza, la vita. Miaka kumi na tisa. Watu wengi, adabu hakuna. Nimeuawa mara kumi na moja. Mara ya mwisho nilikuwa nimesimama kuangalia kilima. Kilima kizuri cha chokaa, mmomonyoko umechorwa barabara kabisa. Aliyeniua akaandika kwamba mimi ni mti. Alama: nane kwa ishirini, zote za kilima.

Gemu la pili, la mbio za magari. Nilisimama kwenye taa nyekundu. Waliokuwa nyuma yangu hawakusimama. Nilipowapisha kwenye njia panda, mmoja aliuliza kama nimelala. Nikamwandikia kueleza maana ya njia panda. Nikatolewa.

Gemu la tatu, saa kumi jioni, jua likiingia dirishani na kulala kwenye kibodi. Linaitwa Wabeba Barua wa Angani. Miaka ishirini na miwili. Unapewa puto kubwa lenye kikapu chini yake, mfuko wa barua, na nchi nzima ya mabonde ya kupita juu yake. Maadui hakuna, saa ya kukukimbiza hakuna. Unawasha moto, puto linapanda. Unaupunguza, linashuka. Basi.

Nilipanda. Chini kulikuwa na mto unaojikunja kama mtu anayetafuta upande mzuri wa kulalia. Mapaa ya nyumba. Kondoo. Kivuli cha puto langu kikipita juu ya shamba la mtu bila kumwamsha. Nilipoangalia saa ya ukutani, chumba kilikuwa na giza na chai ilikuwa imeshapoa kitambo.

Alama: ishirini kwa ishirini.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siku nzima angani. Chakula kimeungua. Sijali.

Nieleze jinsi linavyokwenda, kwa sababu limetungwa na mtu aliyesoma. Puto halina usukani. Ukitaka kwenda mashariki, huendi mashariki. Unapanda au kushuka hadi ukutane na upepo unaokwenda huko. Kila kimo kina upepo wake. Wa chini huelekea milimani, wa kati huelekea mtoni, wa juu huelekea baharini. Miaka thelathini na minne niliwaambia watoto jambo hilihili kwa chaki, wakaangalia nje. Leo nimelipitia mwenyewe, nikaangalia nje na mimi.

Humo ndani tumebaki watu saba. Uwanja wenyewe unatunzwa na mstaafu mmoja mahali fulani, kwenye kompyuta yake, kwa mapenzi tu. Hawaongei. Maputo mawili yakipishana, kila mrushaji hupunguza moto mara mbili kama anayepepesa macho. Ndiyo salamu. Leo mchana mmoja alinipepesea juu ya daraja, nikajibu, akaenda zake na upepo wa mtoni. Nimebaki na furaha ambayo siwezi kuitolea sababu.

Nimeanza ramani. Karatasi ya manila, penseli tatu za rangi. Mtoto lazima aikute nchi ikiwa imepangwa.

Binti yangu ameuliza jina la gemu ili aliweke kwenye kompyuta ya mtoto. Nimempa. Nimemuomba asilitangaze. Akauliza kulitangaza kwa nani. Nikajifanya sijasikia.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Maafa. Mchimba shimo ameingia mwenyewe, na ngazi hana.

Kompyuta ya mtoto imelikataa gemu. Ni mpya. Ni mpya kwa sababu ilinunuliwa siku moja na ile ya Babu Meno, duka moja, na taa zilezile. Hilo sikulijumlisha.

Nikakimbia kwa fundi, kama kukimbia ni neno la haki kwa magoti yangu. Akasema dawa ipo, lakini ina hatua nyingi, na anayeifanya lazima awe na subira na mkono mwepesi. Nikampigia binti yangu kumwambia kwamba labda tuahirishe. Akasema hakuna haja. Babu Meno ameshatengeneza.

Nikaomba arudie.

Akarudia. Yeye mwenyewe alimtajia Babu Meno jina la gemu jana, kwa sababu mzee alimuuliza, na kwa nini asimwambie. Akalijaribu kwenye yake, likakataa. Akakaa nalo hadi likakubali. Kisha leo akakaa na mtoto kwenye simu muda mrefu, wakitengeneza ya mtoto hatua kwa hatua, na binti yangu alikuwa akimsikia akisema polepole, fungua kidogo, hapo hapo, tulia, haitauma.

Ikabidi nimpigie kumshukuru. Kinywa changu kilikuwa kizito kama cha mtu aliyechomwa sindano ya ganzi.

"Ni kama jino tu, Mwalimu," akasema. "Ukilivuta linakataa. Unalitikisa kwanza."

Nikasema ahsante. Akasema sisi ni wakwe, hatuwekeani deni. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, akauliza kama na yeye anaweza kuja Jumamosi, angalau akae nyuma. Alisema nyumba yake alasiri huwa kimya sana.

Nikasema karibu. Ningesemaje? Nami najua kimya cha alasiri kinavyokuwa. Lakini hili halihusiani na mashindano.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Ramani imekamilika. Mita moja na nusu. Nimeibandika ukutani nyuma ya kiti ili aione kwenye kamera.

Sheria za urushaji: kumi na nne. Nimezigawa katika sehemu tano. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati, dakika nane kwa kila sehemu, jumla arobaini, kisha dakika ishirini za kuruka na kupeleka barua tatu. Mpango usio na tundu. Mazimwi hayana sehemu tano. Mazimwi yanaruka tu na kutema moto.

Nimempigia fundi kumuuliza kama mtoto wa miaka tisa anaweza kuandika maelezo huku ameshika kipanya. Akasema, "Mwalimu, mwache apumue." Nimeliandika hilo kama swali la hewa ya kimo cha juu, sehemu ya tatu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Saa tisa kamili. Maputo matatu kwenye uwanja wa majani. Langu la buluu. La mjukuu wangu la machungwa, lenye mistari. La Babu Meno jeupe, linafanana na gego.

Nikasema mtu yeyote asiguse kitu hadi nieleze. Mtoto akawasha moto, tukapanda sote, kwa sababu nisingeweza kumwacha aende peke yake. Nikaanza sehemu ya kwanza nikiwa hewani.

Sehemu ya kwanza ilichukua dakika kumi na saba. Sikuwa nimehesabu maswali ya Babu Meno, ambaye alitaka kujua upepo unatoka wapi kabla ya kuja. Ni swali zuri. Nilimjibu. Nilipofika sehemu ya pili nikasikia msumeno kwenye vipokea sauti. Babu Meno amelala. Puto lake jeupe likachukuliwa na upepo wa juu, taratibu, kuelekea baharini, likikoroma.

Mtoto akacheka chini chini. Nikaendelea. Akasema kuna kondoo. Nikasema kondoo wako sehemu ya nne. Akasema mmoja anatuangalia. Nikaendelea. Akasema rafiki yake mpya ana paka kipofu. Nikasema ndiyo, na shinikizo la hewa hupungua kadiri unavyopanda. Akasema jino limeng'oka Jumanne, hakulia, ameliweka kwenye kikombe. Tulikuwa juu ya mto. Jua la humo ndani halizami haraka, linakaa tu pale pembeni, na mapaa yote yalikuwa na rangi ya asali.

Kisha akasema, "Babu, nimeota ile nyumba yetu ya zamani inaelea. Na sisi tumo."

Nikasimamisha maelezo. Sijui kwa nini. Kidole kilikuwa kwenye sheria ya sita.

"Ikielea kwenda wapi?" nikauliza.

"Kwako."

Puto la machungwa lilikuwa karibu na langu, karibu kugusana. Akapunguza moto mara mbili, kama wale watu saba wanavyofanya, na hiyo nilikuwa sijamfundisha, iko sehemu ya tano. Nikapunguza mara mbili. Tukaenda hivyo muda, Babu Meno akikoroma mbali juu ya maji.

Kisha nikaona ni haki kumweleza kwamba kutoka huko waliko, pepo za majira haya zingeipeleka nyumba upande mwingine kabisa. Akasema sawa babu.

Saa kumi. Mama yake akaingia. Mwisho.

Barua zilizopelekwa: sifuri. Sheria zilizofikiwa: sita kati ya kumi na nne. Mwanafunzi mmoja hakusikiliza, mwingine alilala hadi baharini. Nimekaa kitini mbele ya skrini nyeusi hadi nikajiona ndani yake. Nimeshindwa. Mazimwi yamepata mtoto. Nitarudi kwenye shikamoo na marahaba.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Ushindi!

Binti yangu amepiga simu asubuhi. Mtoto amechagua Wabeba Barua. Kila Jumamosi, saa tisa. Aliulizwa sababu, akasema kule Babu Ramani anaongea na yeye anaangalia chini, na vitu vinamjia vya kusema.

Amesema pia Babu Meno aruhusiwe kuja kulala. Nimekubali. Mshindi huwa mkarimu. Nimempigia mwenyewe kumjulisha, na nikamshauri wakati mwingine afunge kikapu chake kwenye mti kabla ya kusinzia. Akacheka. Akasema hajawahi kulala vizuri hivyo tangu astaafu, na kwamba angekuwa na tiba hiyo enzi zake asingehitaji sindano. Nimeichukua kama sifa.

Nimekaa na jedwali langu kutafuta chanzo cha ushindi, maana ushindi usiochambuliwa hauwezi kurudiwa. Si mandhari. Mazimwi nayo yana mandhari. Si utulivu, kwa sababu niliongea karibu saa nzima. Kilichobaki ni kimoja. Ni maelezo. Mtoto alivutwa na mfumo: sehemu tano, ramani ya manila, sheria zenye namba. Miaka thelathini na minne nimekuwa nikisema hivyo kwenye chumba cha walimu, wakanichekea vikombeni.

Mwishoni binti yangu alishusha sauti. Alisema mtoto ana ombi dogo, ila anaogopa kuniumiza. Jumamosi ijayo, kama inawezekana, babu asieleze kitu. Tuelee tu.

Nimelielewa vizuri ombi hilo. Ndivyo afanyavyo mwanafunzi hodari mwenye haya. Ameona maelezo yamemchosha mzee, anataka kumpunguzia kazi.

Nimeongeza sheria nane.